Kwaresima: pesa ya mlo usioliwa inakwenda wapi?

Kila Jumatano ya Majivu ikikaribia, kauli ni ileile: kufunga si tumbo, ni moyo. Acha hasira, acha umbea, punguza simu. Chakula hakina neno. Wasemao hivyo huegemea Isaya 58, na wana haki. Nabii anawakemea watu waliokuwa wakifunga huku wakiwalemea wafanyakazi wao siku ileile ya saumu. Mathayo 6 nayo inaonya kuhusu kukunja uso ili uonekane umefunga. Tena kumwambia mtu anayekula mara moja kwa siku ajinyime ni kumwongezea njaa ambayo hakuichagua.

Lakini mstari wa 7 wa sura hiyohiyo ya Isaya hurukwa haraka mno: saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Chako wewe, kile ambacho ungekila. Tumbo limo ndani ya hesabu, na swali la nabii ni chakula kimekwenda wapi. Mchungaji wa Herma, maandiko ya Kikristo ya Roma ya karne ya 2, yanataja utaratibu waziwazi: siku ya kufunga ule mkate na maji tu, upige hesabu ya gharama ya chakula ambacho ungekula, kisha kiasi hicho umpe mjane, yatima au mhitaji.

Kwa Wakatoliki sheria yenyewe ni nyepesi. Papa Paulo VI aliilegeza mwaka 1966, na Sheria za Kanisa za 1983 zinadai mfungo siku 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 hadi atimize 59: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo kwa kawaida haifikii huo ikijumlishwa. Nyama huachwa siku hizo na Ijumaa, kuanzia miaka 14. Sasa hesabu. Kwaresima ina Ijumaa 7. Ongeza Jumatano ya Majivu, siku 8. Tuseme sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ni shilingi 2,500. Ukiacha mlo wa mchana siku hizo umetenga 20,000. Ukiuacha siku zote 40, Jumapili zikiwa hazihesabiwi, ni 100,000. Kwa sadaka ya kupapasa mfukoni kikapu kikipita, ni vigumu kufika huko.

Hesabu hii huharibikia mahali pachache. Pesa isipotengwa kwenye bahasha asubuhi, hadi jioni imeishia kwenye soda na bodaboda. Au mlo wa mchana unalipwa usiku kwa sahani mbili. Au nyama ya ng'ombe inaachwa, wanaletwa kamba wa bei kubwa zaidi: sheria imetimizwa, mjane hakupata kitu.

Anayefunga simu naye asidharauliwe, maana bando lina bei, na bei hiyo inaweza kuingia bahasha ileile. Aliyeacha kumfokea dada wa kazi amefanya jambo kubwa, ila alikuwa akidaiwa hilo mwaka mzima, na jirani aliyelala njaa bado hajala.

Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima ilikutana na Ramadhani. Muislamu asiyeweza kufunga kwa uzee au maradhi yasiyopona hutoa fidia: hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Kwetu mgonjwa huambiwa tu asifunge, na mazungumzo yanaishia hapo. Kutofunga kwake ni sahihi kabisa. Anayechoma insulini akiruka mlo, sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Mjamzito, anayenyonyesha na mbeba mizigo juani nao wasijilazimishe. Hata hivyo, aliye na uwezo miongoni mwao anaweza kula wali wake kwa wakati, bila nyama, na bei ya kitoweo hicho ikamfikia mwenye njaa Ijumaa hiyohiyo, isisubiri Pasaka.