Lenzi Moja, Boksa Sita

Kwanza tuelewane kuhusu ile video: boksa zilizotolewa kwenye boksi langu la lenzi, pale kaunta ya mizigo ya basi, zilikuwa sita. Huyo mliyemsikia akisema tisa alikuwa amesimama mlangoni, simu juu, anacheka hadi video inatikisika, kwa hiyo kuhesabu asingeweza. Ndiye aliyenibeba kwa pikipiki yake mpaka Mbezi, na hadi juzi nilikuwa namwita rafiki. Sasa hivi ni mtu tunayefahamiana. Stakabadhi ninayo, imeandikwa boksa sita, moja moja, na mhuri wa kampuni juu yake.

Lenzi mnaijua, ni ile ya kamera, Canon 70-200 nyeupe, f/2.8, toleo la pili, niliyoitangaza hapa mkawa mnaniuliza "bei ya mwisho" bila nia ya kununua. Aliyenunua yuko Mwanza, anapiga picha za harusi, na hatujawahi kuonana. Tulikubaliana 2,100,000. Nusu alituma, nusu angemalizia akishapokea.

Biashara ya mtu na mtu haina duka la kwenda kulalamikia. Mnalindwa na vitu viwili tu, thamani iliyotajwa na sahihi ya mpokeaji, na watu huvichanganya. Sahihi inaonyesha kwamba mzigo umefika mkononi mwa fulani, siku fulani. Haisemi lolote kuhusu kilichokuwa ndani. Fidia nayo inalipa kilichokuwa ndani, ila kile tu kilichoandikwa kaunta. Usipotaja thamani, geuza risiti usome maandishi yale madogo: kwenye hii ya kwangu, mzigo usiotajwa thamani ukipotea wanakurudishia nauli. Yaani unapoteza milioni mbili, unapewa 15,000 na pole. Tena hakikisheni kampuni ina leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ya kusafirisha vifurushi, maana huduma hii iko chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na mkigombana mnakuwa na pa kupeleka lalamiko. Konda akikwambia "nipe mimi, naweka chini ya kiti changu," hiyo si huduma, hiyo ni imani.

Sasa kufunga. Lenzi hii ina gramu 1,490. Ikidondoka kwa kitako, kinachoumia mara nyingi si kioo cha mbele. Ni lile bamba la chuma linaloshika kamera. Linapinda kidogo tu, jicho halioni, halafu bwana harusi anatoka mkali na bibi harusi yuko kwenye ukungu. Kwa hiyo unavalisha vifuniko vyote viwili, kofia ya jua, ile ya lenzi ya kukinga mwanga, unaigeuza kinyume, unatia kwenye mfuko wa plastiki na vipakiti viwili vya chembe za kunyonya unyevu. Juu yake nailoni ya mapovu, mizunguko mitatu. Halafu boksi la ndani, kisha boksi la nje, na kati ya boksi na boksi sentimita tano za kitu laini kila upande, chini na juu pia. Magazeti hayafai. Basi likitetemeka mpaka Singida yameshakuwa chapati, na lenzi inacheza ngoma humo ndani. Nguo za pamba, ukizikunja na kuzibana vizuri, zinakaa.

Mmeshaanza kucheka. Subirini. Na kabla hatujaendelea: ZILIKUWA ZIMEFULIWA.

Nikafika kaunta na boksi langu. Boksi la nje ni la biskuti, makusudi, kwa sababu boksi lenye picha ya kamera ni tangazo kwa wezi. Tepu nimeipiga kwa umbo la H, mshono wa kati na miisho yote miwili. Ukilitikisa, kimya. Nilikuwa najisikia mtaalamu, na yule tunayefahamiana nilikuwa nimemhubiria habari za ufungaji njia nzima kuanzia Kimara, ndiyo maana alikuwa na hamu ya kurekodi.

"Kilichomo?"

"Lenzi ya kamera."

"Thamani?"

"Milioni mbili na laki moja."

Dada wa kaunta akaweka kalamu chini. "Kaka, ikizidi milioni moja tunafungua."

Hilo nililijua. Nilikuja na risiti ya kununulia, namba ya lenzi nimeiandika pembeni, picha ninazo kwenye simu: kioo kikimulikwa tochi, kitako, namba, na lenzi ikiwa imelala ndani ya boksi. Nilitegemea achungulie, asome namba, afunge, nikanywe chai. Kumbe wana fomu mpya. Kuna mteja aliwahi kuwadai kwamba katikati ya nguo alizotuma kulikuwa na simu, na karatasi ilisema "nguo" tu. Tangu hapo kila kinachotoka boksini kinapewa mstari wake: jina la kitu, rangi, alama, hali, thamani. Hata cha kuzibia nafasi.

Nyuma yangu foleni ilikuwa na watu kama wanane, na wa kwanza wao ni mama mlezi wa kwaya ya parokia yetu. Ndiyo, yeye. Alikuwa na boksi la vifaranga mia wa siku moja, wa kwenda Shinyanga, wanapiga kelele kupitia yale matundu ya pembeni. Akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani.

Dada akakata tepu. Akaingiza mkono. Akatoa ya kwanza, akaikunjua juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja.

"Nguo ya ndani ya kiume, aina ya boksa, moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayeandika. "Rangi bluu." Akaigeuza. "Hapa kwenye mpira imeandikwa siku. Hii ni Jumatatu."

"Dada, andika boksa tu."

"Alama za utambulisho ni lazima, kaka. Jumatatu. Hali?"

"Nzuri."

Akautia mpira vidole gumba viwili, akauvuta, akauachia. Mpira haukurudi. Ulibaki pale pale alipouacha. Tukautazama wote, mimi, yeye na mama mlezi.

"Umelegea," akaandika. "Thamani?"

"Haina thamani, dada yangu. Ni ya kuzibia tu."

"Mfumo haukubali sifuri."

"Weka mia."

"Unaanzia mia tano."

Jumatatu, shilingi 500. Akatoa Jumanne. Akatoa Jumatano, ambayo ina doa la chokaa, na nikajikuta nawaelezea watu wa foleni kwamba ni chokaa, tulikuwa tunapaka ukuta. Hakuna aliyeuliza. Jamani, hakuna aliyeuliza! Ijumaa ilipita salama. Jumamosi ilikuwa imegeuzwa ndani nje, akaigeuza bila haraka, mguu mmoja, kisha mwingine.

Halafu Jumapili. Jumapili aliinua kuelekea taa. Kwa nini aliinua hiyo tu sijui, labda aliihisi kwa vidole. Kitambaa kilikuwa kimebaki chepesi, na katikati kulikuwa na tundu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta, na kupitia tundu lile niliiona kalenda ya ukutani. Mwezi niliusoma.

"Tundu moja, nyuma," akasema.

"Lazima liandikwe?"

"Nisipoliandika, mpokeaji atasema limetokea kwetu."

Na hapo, wadau, hana kosa. Hali ya kitu huandikwa wakati wa kukipokea ili kasoro ya zamani isije ikadaiwa fidia kuwa mpya. Ningekuwa mimi ningeandika vilevile. Ila nisingeliinua kuelekea taa.

Akazipanga zote sita kwa mstari, akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena. Mama mlezi wa kwaya, kwa upole wote aliojaliwa, akaniinamia.

"Mwanangu, na Alhamisi iko wapi?"

Niseme nini? Alhamisi ndiyo pekee iliyokuwa bado na mpira. Nilishika shati langu, nikalivuta chini taratibu, na mkono huo ukajibu swali kwa niaba yangu. Vifaranga mia, waliokuwa wanapiga kelele tangu nifike, wakanyamaza. Mlangoni ndiko kicheko kilikoanzia, mnajua cha nani, na kuna sauti ikasema, "Lakini leo si Jumanne?"

Ilikuwa Jumanne.

Lenzi yenyewe ilikaguliwa kwa dakika moja. Namba ilisomwa, ikalingana. Jumla ya thamani iliyotajwa ikawa 2,103,000, ada ya asilimia moja, yaani 21,030. Pigeni hesabu: shilingi thelathini ni za boksa. Sidhani kama kuna mwingine nchi hii aliyewahi kukatia boksa kinga. Tukafunga upya, nikasaini juu ya tepu, sahihi nusu kwenye tepu na nusu kwenye boksi, ili tepu ikibanduliwa ijulikane. Hilo fanyeni daima, hata mkiwa mnataka kulia.

Mnasema mpaka hapo imetosha. Bado kuna Mwanza.

Kwenye fomu nilikuwa nimechagua apewe mpokeaji aliyetajwa peke yake, si "yeyote atakayekuja na risiti." Jina lilingane na kitambulisho chake cha NIDA, si lile jina lake la mtandaoni. Picha ya risiti nilimtumia nikiwa nimefunika tarakimu nne za mwisho za namba ya mzigo, hizo nikampa kwa kupiga, kwa sababu picha ya risiti ikivuja mtu mwingine anawahi dirishani. Nikampa na maelekezo yangu: rekodi video moja bila kuikatiza tangu boksi halijafunguliwa, angalia kona zote nane, na kasoro yoyote, hata ndogo, iandikwe daftarini kabla ya kusaini. Ukishasaini "nimepokea salama," sahihi yako ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yako.

Jamaa ni mtu makini. Mwanafunzi mzuri kupita kiasi.

Alipofika ofisini kwao Nyegezi wakamwambia ataje vilivyomo. Akasema lenzi. Wakamuuliza, na nini kingine? Akasema lenzi tu. Wakamwambia, mzigo wenye vitu saba wewe unataja kimoja, huu si wako. Basi nikapigiwa, simu ikiwa kwenye spika, nami niko kazini, kwenye ofisi ya wazi, meza kumi na moja. "Mkuu, wanataka utaje vilivyomo, vyote, na alama zake." Nikasema kwa sauti ya chini. Yule wa dirishani akasema, "Hatusikii." Mkaguzi wetu wa hesabu akaacha kuchapa. Nikazitaja. Kuanzia Jumatatu.

Wakamfungulia. Lenzi salama, kitako kimenyooka, kioo safi. Akakagua mstari kwa mstari kama nilivyomfundisha. Halafu, kwenye sehemu ya maoni, kabla ya kusaini, akaandika kwa mkono wake, na picha ya ukurasa huo ndiyo inayozunguka: "Jumapili imepokelewa ikiwa na matundu mawili. Karatasi ya Dar inasema moja."

Yaliyofuata nayafupisha, moyo bado hauko sawa. Kampuni ilinipigia, wakafungua faili la madai, wakanitaka nijaze fomu na kuambatanisha picha ya Jumapili kabla ya safari. Picha ninayo, ipo kwenye ile ya lenzi ikiwa imelala boksini, na ukiikuza tundu linaonekana moja, kwa hiyo kisheria nilikuwa na haki. Nikawaandikia nayaacha. Wakasema faili halifungwi bila malipo au barua yenye sahihi yangu. Nikaenda tena Mbezi, nikasaini. Dada alikuwa zamu. Aliniuliza kama leo ni Alhamisi. Mama mlezi wa kwaya ananiita "mwanangu" kwa huruma mpya, na kazini jalada langu la likizo limeandikwa siku zote za wiki kasoro moja.

Nusu ya pesa imeingia, kwa hiyo wale mnaouliza kama lenzi bado ipo, haipo. Jana jamaa akaniandikia kama anirudishie zile nguo kwa basi, na kwamba thamani anaikumbuka. Nikamwambia azichome. Akajibu kwamba ameshaanza kufutia na Ijumaa. Nikamwandikia kwa kirefu kwamba kioo cha lenzi hakifutwi kwa pamba iliyochakaa, inaacha nyuzi na mchanga ulioganda unachora, atumie kwanza kipulizio kisha kitambaa laini cha lenzi.

Akasema anajua, mkuu. Anafutia pikipiki.