Steam Deck kama kompyuta ya kila siku: inafaa palipo na meza

Kampuni ya Valve ilipoanza kusafirisha Steam Deck mwishoni mwa Februari 2022, iliwauzia watu mashine ya mkononi ya kuchezea gemu za kompyuta wakiwa wamejilaza kwenye kochi. Toleo la chini kabisa lilikuwa dola 399. Lakini ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache na kuchagua kuhamia upande wa dawati, gemu zote zinaondoka. Kinachobaki ni kompyuta kamili ya Linux, mfumo endeshi wa bure unaoshindana na Windows, yenye madirisha, folda, kivinjari na menyu kwenye kona ya chini. Sura yake ni ya KDE Plasma, dawati maarufu la Linux, ambayo haimtishi mtu aliyezoea Windows.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Wapo wanaosema mwenye Deck hana haja tena ya laptop. Wapo wanaosema huo ni utani wa vijana wanaotafuta sababu ya kununua gemu kwa pesa ya ada. Kila upande una hoja, kwa kuwa haupo unaozungumzia jambo lile lile na mwenzake: wa kwanza wanaiona mashine ikiwa imechomekwa mezani, wa pili wanaiona ikiwa mkononi ndani ya daladala. Mimi naihesabu kuwa kompyuta ya mezani inayoingia kwenye begi. Ukiidai kazi ya laptop, mtagombana.

Tuanze na mezani. Ndani kuna prosesa ya AMD yenye kori nne za kizazi cha Zen 2 na RAM ya GB 16. Si mashine ya kuhariri filamu, ila kwa kivinjari chenye kurasa nyingi, hati ndefu, WhatsApp ya kwenye wavuti na masomo ya kuandika programu, haihemi. Laptop nyingi za mtumba zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo au ya barabara ya Luthuli Nairobi huja na nusu ya RAM hiyo. Juu ya kifaa kuna tundu moja la USB-C linalopitisha umeme, picha na data kwa pamoja. Chomeka hapo habu ndogo, kile kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi, ichomeke televisheni kwa HDMI, ongeza kibodi na mausi, na mgeni akiingia hatajua kwamba kompyuta unayofanyia kazi ilitengenezwa kwa ajili ya gemu. Valve ilianza kuuza kituo chake rasmi cha kupachikia Oktoba 2022 kwa dola 89. Habu ya kawaida ya USB-C inafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa nini GB 16 na prosesa kama hiyo ziliuzwa dola 399? Gabe Newell, mkuu wa Valve, alikiri mwaka 2021 alipohojiwa na IGN, tovuti ya habari za gemu, kwamba kufikia bei hiyo kuliwauma. Waliweza kuvumilia kwa sababu Valve ndiyo yenye duka la Steam, na duka hilo kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo ya kila gemu, kiwango kinachopungua gemu inapouzwa sana. Mashine inauzwa kwa faida nyembamba, gemu zinarudisha pesa. Sasa fikiria mtu anayeinunua ili aandikie tasnifu yake, na hanunui gemu hata moja. Amepata kompyuta ambayo wacheza gemu wamemchangia.

Ujanja huu ni wa zamani. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, Sony iliruhusu mtu kuweka Linux juu yake. Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha PS3 1,760 kuwa kompyuta kuu moja iliyoitwa Condor, iliyozinduliwa mwaka 2010, kwa kuwa kununua mashine za gemu kulikuwa nafuu kuliko kununua prosesa za aina hiyo kwa njia ya kawaida. Aprili mwaka huo huo Sony iliufunga mlango wa Linux kwa sasisho moja, ikitaja sababu za usalama. Nintendo nayo haijawahi kuwapa wenye mashine yake ya gemu ya Switch hata kivinjari cha matumizi ya kawaida. Kwa hiyo sifa kubwa ya Deck ninayoiona mimi haimo kwenye prosesa. Valve imeuacha mlango wazi: mashine ni yako, weka unachotaka, ukipenda ng'oa hata mfumo endeshi wenyewe. Vipuri vyake vinauzwa na iFixit, kampuni ya vifaa vya matengenezo, na hifadhi ya ndani inabadilishwa kwa bisibisi.

Hesabu ya bei, hata hivyo, ni ya mtu aliyeko Marekani au Ulaya. Valve haiuzi Deck rasmi Afrika Mashariki. Inafika Dar es Salaam au Mombasa kwenye begi la ndugu anayerudi likizo, au kupitia mfanyabiashara aliyeitoa nje na kuweka nauli, ushuru na faida yake juu. Ule mchango wa wacheza gemu unaishia njiani. Ikiharibika, dhamana iko bara jingine. Ukiiweka kando ya laptop ya mtumba kama ThinkPad au EliteBook, ambayo fundi yeyote wa mjini anaifungua akiwa amefumba macho, unafuu uliosifiwa mitandaoni unakuwa mwembamba sana, na pengine haupo kabisa.

Sasa itoe mezani. Skrini ya toleo la kwanza ni ya inchi 7 yenye nukta 1280 kwa 800. Toleo la OLED la Novemba 2023 liliongeza hadi inchi 7.4, nukta zikabaki zile zile. Kwa gemu inapendeza. Kwa jedwali la hesabu lenye safu kumi na mbili, utakuwa unasoma kama anayetafuta uzi wa sindano. Unaweza kukuza maandishi, lakini ukiyakuza nafasi inaisha na kila dirisha linageuka tundu la kuchungulia. Kibodi ni ya kwenye skrini: unabonyeza kitufe cha Steam pamoja na X, inapanda na kula nusu ya kioo, halafu unachapa kwa vidole gumba au kwa zile padi mbili za mguso. Kwa kutafuta anuani ya tovuti sawa. Kwa barua pepe ya aya tatu kwa mwajiri, simu yako itakushinda mbio.

Hakuna kamera, ingawa maikrofoni zipo. Kwa mtu ambaye wiki yake imejaa vikao vya mtandaoni, hiyo ni kamera ya kununua na waya mwingine wa kuhangaika nao. Hakuna mguu wa kuisimamisha pia. Toleo la kwanza lina gramu 669, chini ya laptop yoyote ya kawaida, na wauzaji wanapenda kuitaja namba hiyo. Jumlisha sasa habu, chaja, kibodi na mausi, na uzito wa laptop umeurudisha begini, isipokuwa huna skrini.

Tatizo la skrini linauma zaidi umeme ukikatika. Mwenye laptop anaendelea kuandika kama vile hakuna lililotokea. Deck iliyochomekwa kwenye televisheni haizimi, maana betri yake ipo, ila televisheni imezima na kazi yako imerudi kwenye inchi 7. Unaweza kununua skrini ndogo ya kubebeka inayotumia USB-C, lakini tundu ni moja tu, kwa hiyo ni habu tena, na betri ile ile sasa inalisha vioo viwili. Ikitumika peke yake, betri ni ya wati-saa (Wh) 40 kwenye toleo la kwanza na Wh 50 kwenye OLED. Valve yenyewe inataja saa 2 hadi 8 kwa la kwanza na 3 hadi 12 kwa la pili, na kazi ya maandishi hukaa karibu na ile namba kubwa kwa kuwa prosesa haichoki. Pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaichaji, kwani chaja yake ni ya USB-C ya kawaida ya wati 45. Hilo ni jambo jema kwa maeneo yenye mgao, na laptop nyingi za zamani hazina.

Upande wa programu ndipo watu wengi hukwama bila kutarajia. SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, ni Linux. LibreOffice ipo, Firefox ipo, Zoom ipo, zote kwenye duka la Discover kwa kubofya mara moja. Ambaye kazi yake yote iko Google Docs hatagundua tofauti. Anayefunga hesabu kwa Tally, ambayo ni programu ya Windows, au anayetumiwa na ofisi jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha) ambalo lazima alirudishe likiwa vile vile, atagundua siku ya kwanza. Proton, ile programu inayofanya gemu za Windows ziende kwenye Linux, inafanya maajabu kwa gemu, lakini usiitegemee ikufungulie Microsoft Office. Windows yenyewe inaweza kuwekwa na Valve inatoa draiva zake, ila ukishafanya hivyo umenunua mashine nyingine: ule wepesi wa kuilaza na kuiamsha papo hapo, ambao ndio raha yake, unabaki nyuma.

Wenye haja ya Windows wana njia nyingine. ROG Ally ya ASUS ilitoka Juni 2023 ikiwa na Windows 11. Legion Go ya Lenovo ilifuata mwaka huo huo na skrini ya inchi 8.8, mguu wa kusimamia na matundu mawili ya USB-C. Kwa kazi, Legion Go ndiyo iliyofikiriwa vizuri zaidi kati ya hizi tatu. Kibodi bado haina. Waliojaribu kuiweka wapo: Pandora, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 2010, ilikuwa na vitufe vya herufi, na kampuni ya GPD ya Shenzhen imekuwa ikitoa mashine za namna hiyo tangu GPD Win ya 2016. Vitufe vyake ni vya kidole gumba, na hakuna aliyeandikia kitabu pale kwa hiari.

Mashabiki wa Linux hulalamika kwamba SteamOS imefungwa: mizizi ya mfumo ni ya kusomwa tu, na ukilazimisha kuweka programu kwa njia ya kawaida ya Arch, aina ya Linux ambayo SteamOS imejengwa juu yake, sasisho linalofuata linaifagia. Hapa niko upande wa Valve. Mfumo unatunzwa kwa nakala mbili, sasisho likienda mrama mashine inarudi kwenye nakala iliyokuwa ikifanya kazi. Programu za Discover zinakaa kwenye eneo lako mwenyewe na haziguswi. Kwa mwanafunzi asiyetaka kuwa fundi wa kompyuta yake, huo ni ulinzi. Anayehitaji zaidi ana Distrobox, programu inayomtengea Linux nyingine pembeni, ambamo anaweza kuharibu apendavyo bila kuugusa mfumo.

Kinachonisumbua kweli ni usalama, na sisikii kikizungumzwa sana. Deck inakuja ikiwa inaingia moja kwa moja bila neno la siri, na mtumiaji wake hana neno la siri mpaka aweke mwenyewe. Hifadhi haijasimbwa, yaani anayeifungua anasoma kilichomo. Kwa kifaa cha gemu sawa, mwizi atapata rekodi zako za mbio za magari. Kwa kifaa chenye barua za wateja, nakala za vitambulisho na kivinjari kilichoingia tayari kwenye akaunti za benki, mwizi amepewa ufunguo wa nyumba. Na ni kifaa kinachopendeza machoni, kinachotamaniwa kuliko laptop ya mtumba yenye mikwaruzo.

Kwa hiyo nani anunue nini? Kijana ambaye angenunua mashine ya gemu kwa vyovyote, ana televisheni chumbani na meza ya maktaba yenye skrini chuoni, achukue Deck na aache kuwaza laptop kwa sasa. Atapata vyote viwili kwa pesa ya kimoja. Mtu anayetafuta kompyuta yake pekee ya kazi, anayefanyia kazi garini, mgahawani na nyumbani kwa wakwe, namshauri laptop ya mtumba bila kusita. Aliye na Deck tayari na anataka kuanza kuitumia kwa kazi, afungue terminali (dirisha la kuandikia amri), aandike amri ya passwd na kuweka neno la siri leo, kisha anunue habu inayopitisha umeme na kibodi ya ukubwa wa kawaida. Na kama ofisi inakutumia Excel yenye makro, lifungue faili moja kwenye LibreOffice, hata kwa kompyuta ya kuazima, kabla hujamtumia pesa shemeji aliyeko Texas.