Bwawa la ndani Tanga: sprinkla zifungwe au ziachwe?

Rafiki yangu anajenga hoteli ndogo Raskazone, na kwenye ramani yake kuna bwawa la kuogelea ndani ya ukumbi. Mshauri wake kamwambia afunge sprinkla, vile vinyunyizio vya darini vya kuzima moto, ukumbi mzima. Amegoma. "Ndugu yangu, moto utaanzia wapi juu ya maji?" Nilicheka, lakini hoja yake nyingine, kwamba kutu itazila, ilinifuta kicheko.

Klorini, dawa ya maji ya bwawa, ikikutana na jasho na mkojo wa waogaji huzaa kloramini. Ile harufu kali tunayodhani ni ya bwawa safi ni yake. Hupanda na mvuke, hushika kwenye chuma chenye umande, na chuma kinaanza kuliwa. Hapo hujaongeza chumvi ya bahari. Mtu wa Tanga haelezwi habari hii. Bawaba za mlango wake zimeshamweleza. Na umeme ukikatika, feni zikasimama, umande wa usiku mmoja unafanya kazi ya wiki.

Sasa tazama kichwa cha sprinkla. Kile cha kawaida kina kichupa cha kioo chenye kimiminika chekundu, hupasuka joto likifika 68°C, kizibo kinaachia na maji yanamwagika. Kikivikwa utando wa kutu na chumvi, huchelewa kuhisi joto, au kizibo kinagandia pale pale. Kutoka chini utaona kichwa kipo, na wageni watalala wakijua wamelindwa. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya NFPA 25 inataka vichwa vilivyo kwenye hewa ya ulaji kutu vibadilishwe kila miaka 5, au sampuli yake ipimwe. Gharama hiyo haiishi. Rafiki yangu alikuwa amepiga hesabu ya kufunga tu.

Lakini wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kinga, yaani vitu vya kuwaka, katika ukumbi ule zipo. Kuna viti vya plastiki, mikeka ya sponji, maboya ya povu, pengine na dari ya mbao. Jirani kuna vyumba vya kubadilishia nguo, sauna na chumba cha pampu chenye nyaya zilizokaa unyevuni. Halafu tuseme ukweli: nani atajenga ukumbi mzuri Tanga asiukodishe kwa sendofu? Siku hiyo pembeni ya bwawa kutakuwa na vitambaa vya mapambo, taa za kukodi na waya wa jenereta uliopitishwa chini ya zulia. Swali lake la moto utaanzia wapi nililijibu hapo.

Kwa hiyo kutu hainishawishi kuacha sprinkla. Inanishawishi kuchagua vifaa vyake kwa makini. Vipo vichwa vilivyopakwa kinga ya kutu kiwandani. Kumpa fundi rangi na brashi avipake mwenyewe ni kosa. Kichwa kilichopakwa rangi hivyo hakisafishwi, hutolewa. Mabomba ya plastiki ya CPVC yaliyothibitishwa kwa kazi ya moto hayaliwi na kloramini, ingawa hayafai kila jengo, wala chini ya bati linalochemka jua la mchana.

Mtego mkubwa uko kwenye stenlesi, kile chuma kinachosifiwa kwa kutoshika kutu. Wengi hudhani ukining'iniza bomba kwa stenlesi umemaliza. Uster, Uswisi, Mei 1985, dari ya zege ya bwawa la ndani iliyoshikiliwa na fito za stenlesi ilianguka na kuua watu 12. Bwawa lilikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Kloridi, chumvi zitokanazo na klorini, zilipasua fito kwa ndani, bila ile kutu nyekundu inayomshtua mtu. Aina chache za stenlesi zenye madini ya molibdeni kwa wingi ndizo huaminiwa juu ya bwawa, na hizo sijazoea kuziona madukani kwetu.

Stoo ya klorini ni kesi ya peke yake. Klorini ya unga ikilowa kidogo hupata joto na kutoa gesi. Septemba 2024, huko Conyers, jimbo la Georgia, Marekani, maelezo ya kwanza ya zimamoto yalikuwa kwamba sprinkla yenye hitilafu ililowesha kemikali za bwawa ghalani, na maelfu ya watu wakahamishwa. Stoo hiyo aijenge nje, mbali, ndogo, kavu.

Ningekuwa yeye, ningeanza na sprinkla za vyumba vya nguo, sauna na korido, kisha nizifunge pembezoni mwa bwawa wanapokaa watu. Juu ya maji matupu, chini ya dari ya zege, ningekubali kubishana na wakaguzi wa Zimamoto ili pasiwekwe. Kama hataki kuandika bajeti ya vichwa vya kila miaka 5, bora aseme mapema na afute sendofu.

Wiki iliyopita kaniuliza: upande wa bahari ukiachwa wazi je? Kloramini itapungua sana, nikamwambia, na moshi utapata njia. Chumvi itabaki. Amerudisha ramani kwa mchoraji.