Pensheni ya mtumishi: kodi ikatwe akiingia au akitoka?

Baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, anastaafu mwakani. Jumapili alinitandazia hati yake ya mshahara mezani tupige hesabu, na kabla hatujagusa kikokotoo akauliza: "Eti Marekani mstaafu wa serikali anakatwa kodi kwenye pensheni. Hiyo ni haki kweli?"

Nilitaka kujibu hapana papo hapo. Hati ile ikanizuia.

Mshahara wake ni 700,000. Kabla ya PAYE, kodi ya mshahara, hutolewa asilimia 5, yaani 35,000, kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwajiri huongeza asilimia 15. Kodi hupigwa kwenye 665,000 zinazobaki, inakuja 49,000. Bila mchango ule angekatwa 56,000. Kila mwezi, basi, serikali imemwachia 7,000.

Wanaotaka pensheni itozwe husimama hapo: huo ni mshahara uliosubirishwa, haujapitiwa na kodi, na siku ukitoka lazima upitiwe. Wana hoja, hasa ukiangalia anayefaidika zaidi. Mwenye 400,000 anachangia 20,000 na kuokoa 1,600 tu, kwa sababu yuko kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 8. Bosi wa 3,000,000 anachangia 150,000 na kuokoa 45,000, maana yeye yuko kwenye 30. Nafuu ni ileile kwa jina, ila inamjaza aliyeshiba. Hili linaniuma, na silisikii kwenye mabishano yetu ya mafao, ambayo tangu 2018 yamemezwa na asilimia za mkupuo, fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja.

Huko Marekani mambo yako hivi. Mtumishi wa serikali kuu huchangia kutoka kwenye fedha iliyokwisha kukatwa kodi, kwa hiyo pensheni yake hugawanywa: sehemu inayorudisha michango yake haitozwi, iliyobaki hutozwa. Anayeanza kulipwa akiwa na miaka 61 hadi 65, pensheni ikiwa ni yake peke yake, hugawa michango yake kwa miezi 260. Kama alichangia dola 52,000, basi dola 200 za kila mwezi haziguswi. Miezi hiyo ikiisha, pensheni yote inatozwa. Akifariki kabla, kilichobaki huondolewa kwenye hesabu yake ya mwisho ya kodi. Zamani ilikuwa rahisi zaidi: aliyeweza kurudishiwa michango yake yote ndani ya miaka 3 hakutozwa chochote mpaka aimalize. Nafuu hiyo ilifutwa 1986. Mantiki ya sasa ni safi, fedha haitozwi mara mbili, lakini mzee wa miaka 62 anatakiwa kutunza hesabu hadi anakaribia 84.

Kenya wameenda njia nyingine. Tangu 27 Desemba 2024, aliyefikia umri wa kustaafu hatozwi kodi kwenye mafao yake, na wakati wa kazi mchango wake unapata nafuu hadi 30,000 za Kenya kwa mwezi. Hazina inakosa fedha kwenye milango yote miwili. Mzee naye hapangi foleni kwa mtu yeyote.

Tukarudi kwa baba mdogo. Miezi 360 kazini, wastani wa 700,000, na mkupuo wa asilimia 40 uliotangazwa kwenye bajeti ya 2024: mkupuo unafika takriban milioni 26, pensheni 260,690 kwa mwezi. PAYE huanza juu ya 270,000. Hata pensheni ingetozwa kwa viwango vya mshahara, yeye angepita salama kila mwezi. Jeraha lingekuwa kwenye mkupuo: ukihesabiwa kama kipato cha mwezi mmoja, zaidi ya milioni 7 na nusu zinaondoka. Jasho la miaka 30 linatozwa kama vile mtu ameokota utajiri kwa siku moja.

Ndiyo maana siungi mkono mkupuo kuguswa, hata kidogo. Pensheni ya milioni 2 au 3 kwa mwezi ni jambo jingine. Kuitoza sioni dhuluma. Ila ningeanza na mlango wa kuingilia: nafuu ya mchango iwe ya asilimia ileile kwa wote, mwenye 400,000 na bosi.

Baba mdogo alisikiliza, akageuza hati, akaandika 260,690 kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari. Chini yake akaandika bei ya bati.