Asante, Daktari! Na Sisi Je?

Manesi wenzangu wa Kisumu, kwani sisi hatuonekani?

Mtoto analetwa usiku, malaria kali, degedege juu. Nani alitafuta mshipa mwembamba kama uzi kwa mwanga wa simu? Sindano ya artesuneti hudungwa akifika, tena baada ya masaa 12, tena ya 24. Nani alikuwa macho saa tisa usiku akipima sukari, akipima joto, akimtuliza mama mtu, akimfukuza mjomba aliyeng'ang'ania kulala chini ya kitanda? (Mjomba huyo anakoroma kushinda jenereta.)

Siku ya tatu mtoto ameketi, anadai soda. Familia inaingia na samaki, mbuta mkubwa kutoka ufuo wa Dunga, mkia unachungulia kwenye gazeti. "Daktari yuko wapi? Ametuokolea mtoto!"

Daktari, ambaye dawa aliiandika sawasawa, sikatai, anapokea kwa mikono miwili. Anatabasamu. Hata neno "tulisaidiana" linamkwama kooni! Samaki wa kilo tano hagawanyiki, jamani? Hata kichwa tu, nikachemshe supu?

Mimi nikaulizwa, "Sista, choo kiko wapi?"