Akili Mnemba Kanitafutia Wateja

Mara ya kwanza kusikia "akili mnemba" nilidhani ni mambo ya Zanzibar, kile kisiwa cha Mnemba watalii wanakokwenda kupiga mbizi. Kijana wa kibanda cha simu hapa Chikongola ndiye aliyenifumbua macho: kumbe ni programu ya kompyuta, unaiandikia nayo inakujibu kama mtu. "Ticha, we mwambie tu shida yako, anakutafutia." Mimi si ticha, ni mfasiri. Ila mtaani kwetu mtu anayeshinda na kompyuta mchana ni ama ticha ama tapeli, nikaona nishike hilo la kwanza.

Nikanunua bando la elfu mbili, nikatandika mkeka uani, nikamwandikia kwa adabu zote: nafasiri Kiingereza na Kireno kwenda Kiswahili, niko Mtwara, nitafutie wateja ishirini. Kufumba na kufumbua kamwaga majina ishirini, kila moja na barua pepe yake na jina la meneja. Mwanadamu gani ana huruma hiyo? Mjomba wangu wa damu nilimwomba namba ya mtu mmoja tu wa bandarini, huu mwaka wa tatu anasema "nakutumia sasa hivi".

Nikatuma barua ishirini. Kumi na saba zikarudi hapo hapo, anwani hazipo. Nikamuuliza, bwana, vipi? Akaniomba radhi, akanisifu kwa umakini wangu, kisha akanipa nyingine ishirini za uongo. Mwizi ukimkamata anakupongeza!

Mojawapo ilikuwa "Idara ya Tafsiri, kiwanda cha kusindika gesi, Lindi". Nikampigia binamu yangu aliyeko Lindi. Kacheka mpaka dakika zangu zikaisha. Kiwanda hicho tunakisikia tangu nikiwa na nywele utosini, eneo limetengwa kule Likong'o na mazungumzo hayaishi. Mwenzetu keshakijenga, keshaajiri, na meneja wa lugha yuko ofisini anakunywa chai.

Aliyejibu kweli ni mmoja, wakala wa Ulaya. Nilimsomea mama watoto barua kwa sauti kabla sijafika mwisho, kosa kubwa. Mwisho wake unasema: wafasiri hatuhitaji tena, mashine inafasiri, tunataka mtu wa kurekebisha kazi ya mashine, malipo theluthi ya bei yako. Yaani mashine imenituma nikapige deki matapishi ya mashine mwenzake.

"Na hiyo theluthi ni lini?" mama watoto akauliza.

Nikarudi kwa mshauri wangu nimenuna. Safari hii akasema la maana: Mtwara ni korosho, wanunuzi wanatoka India na Vietnam, nenda mnadani ukatoe kadi zako. Nikapiga pasi shati, nikachapisha kadi hamsini, nikapanda bodaboda mpaka ghalani. Mwezi wa tano huo! Mimi mzaliwa wa hapa, niliyekua kwenye mikorosho, nimekubali kupelekwa mnadani mwezi wa tano. Ndiyo ujue njaa ina nguvu.

Ghalani nikamkuta babu mlinzi kwenye kigoda, miguu juu ya gunia tupu.

"Shikamoo babu. Mnada?"

"Marahaba. Mpaka Oktoba, mwanangu." Akaniangalia lile shati. "Tena siku hizi mnada wenyewe uko mtandaoni. Wanunuzi wanabonyeza huko huko waliko. Kwani wewe si ndiyo mtu wa mtandao?"

Sikuwa na jibu. Nikamwachia kadi, maana nilikuwa nazo hamsini. Akaisoma polepole, midomo ikitembea, akaingia kibandani akatoka na chupa ya dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Karatasi yake imejaa Kiingereza cha herufi za mdomo wa siafu, na imelowa kona moja.

"Mwaka jana nilikisia," akasema. "Majani yaliungua."

Nikachuchumaa nikamfasiria pale pale: pima kiasi hiki kwa maji kiasi hiki, vaa barakoa, usipulize upepo ukivuma, usiingie shambani mpaka siku kadhaa zipite. Akaniambia nirudie kipande cha vipimo. Nikamwandikia nyuma ya kadi yangu, akaikunja akaitia kwenye kofia. Nusu saa nzima, na lile neno la viambato sijapata kuliwazia hivyo hata kwa kazi ya dola. Akanilipa fungu la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Kesho yake alfajiri barazani kwangu wapo wazee watano, kila mmoja na chupa yake, na wote wameulizia "yule ticha wa dawa".

Jioni, uani pamejaa ming'oko, nikamwambia Akili Mnemba aniandikie ankara, malipo kwa ming'oko. Akaitengeneza ya kupendeza, na asilimia 18 ya VAT kaweka. Chini akaongeza kwamba ming'oko ni sarafu ya zamani ya Msumbiji, na kiwango cha kuibadilisha kwa dola akanipa.

Mama watoto alikuwa ananisomea begani, chumvi na pilipili mkononi.

"Muulize hiyo sarafu inachemshwa dakika ngapi."