Dalali, mwenye gari na saa za kusubiri

Ugomvi wa wenye magari ya mzigo na madalali hapa Unguja huanzia pahala pamoja: cha juu. Mwenye mzigo amekubali bei moja, dereva ametajiwa nyengine, na tofauti imebaki kwa aliyewakutanisha. Wenye magari wanasema ni dhulma. Madalali wanasema ni ujira wa kazi ambayo dereva haioni. Kila upande una haki yake, lakini kwa maoni yangu wanagombania hasara ndogo na kuiacha kubwa.

Tupige hesabu ya mfano. Fuso imepakia mifuko 200 ya saruji, yaani tani 10, kutoka mjini kwenda Nungwi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 115. Tukichukua kilomita 4 kwa lita, kwenda na mzigo na kurudi tupu, ni lita 29. Tuseme 30, maana kuna foleni na injini haizimwi. Kwa shilingi 3,000 lita moja, mafuta ni 90,000. Dereva apewe 25,000 na utingo 15,000. Mwenye mzigo ametoa 250,000, dalali akamtajia mwenye gari 180,000. Baada ya mafuta na posho zinabaki 50,000, na humo ndimo zitoke tairi, oili, bima na siku ambazo gari italala gereji. Dalali kaondoka na 70,000 na hana gari. Hasira ya mwenye gari ina sababu.

Sasa tumuweke dalali mkweli, anayesema wazi kuwa anachukua asilimia 10. Anakata 25,000, mwenye gari anapata 225,000, na baada ya gharama zilezile zinabaki 95,000. Lakini ghala lilichelewa kufunguliwa, gari ikafika Nungwi magharibi, mlinzi akasema fundi mkuu keshaondoka, na mzigo ukalala juu ya gari. Posho ya siku ya pili ni 40,000 nyengine. Zinabaki 55,000 kwa siku mbili, yaani 27,500 kwa siku. Kwa siku, mwenye gari kapata karibu nusu ya alichopata kwa yule dalali mchoyo ambaye mzigo wake ulishushwa siku hiyohiyo. Na hapo sijahesabu safari ya siku ya pili aliyoikosa.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la kumuuliza dalali ni gari itasubiri muda gani na nani atalipa kusubiri huko. Swali la anachukua ngapi lifuate baadae.

Upande wa dalali nao usipuuzwe. Mkandarasi wa hoteli Paje au Kendwa mara nyingi halipi siku ya kushusha. Hulipa akishapokea awamu yake ya malipo, pengine baada ya mwezi au zaidi. Dereva hawezi kungoja mwezi, kwa hiyo dalali hutanguliza pesa ya mafuta kutoka mfukoni mwake na anabaki yeye kumfukuzia mkandarasi. Hiyo ni mkopo, na mkopo una thamani. Pili, ni yeye anayejibu mifuko ikipungua. Mwenye duka asiyemjua dereva anampa mzigo wa mamilioni kwa sababu anamjua dalali. Tatu, dalali hodari hutafuta mzigo wa kurudi, na kwetu huo ni adimu: saruji, nondo na vyakula vinatoka mjini kwenda shamba, lakini vinavyorudi mjini ni mwani wa pwani ya mashariki, ndizi na muhogo, tena kwa msimu. Dalali anayekujazia gari kurudi kakuokolea nusu ya mafuta, na hata akichukua asilimia 15 hajakuibia.

Asiyestahili kitu ni dalali wa tatu katika mnyororo. Mzigo unatoka kwa wakala wa forodha, unapita kwa mtu wa Malindi, unafika kwa mtu wa Mwanakwerekwe, kisha kwa dereva. Kila mmoja kakata chake, na likitokea tatizo hakuna hata mmoja anayemjua mwenye mzigo. Dalili yake ni rahisi: muulize jina na simu ya atakayepokea mzigo. Akisema "nenda tu, utapigiwa," basi naye hajui.

Kwenye makontena kusubiri kunauma zaidi. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure, na zikipita hutoza kwa kila siku ambayo kontena tupu halijarudishwa. Mwenye mzigo akichelewa kushusha, faini inaandikwa kwake, lakini mara nyingi humgeuzia mwenye gari na kuikata kwenye nauli. Kinga ni kuandika nyakati mbili kwenye karatasi ya makabidhiano: saa gari ilipofika na saa kontena lilipokuwa tupu, na mpokeaji azisaini zote. Bila saini hiyo ni neno la dereva dhidi ya neno la mwenye mzigo, na anayeshika pesa ndiye anayeshinda.

Safari ya Pemba ina yake. Nauli ya gari kwenye meli mpaka bandari ya Mkoani hulipwa gari ikiwa imejaa au tupu, na upepo wa kusi ukichafuka safari huahirishwa. Bei ya Pemba isiyotaja nani analipa siku za kukwama bandarini ni bei pungufu. Na dalali akikuahidi karafuu za kurudi nazo, muombe karatasi: mnunuzi halali wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo mzigo huo hautolewi kwa ahadi ya mtaani.

Wengine wanadai serikali iwape madalali leseni na kuwawekea dhamana kama Marekani. Huko dalali wa mizigo anatakiwa kuwa na dhamana ya dola 75,000 tangu 2013, na kanuni inampa msafirishaji haki ya kuona kumbukumbu za malipo ya mzigo aliobeba. Pamoja na hayo, kampuni nyingi za udalali huweka kwenye mkataba kifungu cha kumfanya msafirishaji aiache haki hiyo, na mwenye njaa ya mzigo anasaini. Leseni itasaidia dhidi ya tapeli anayepokea pesa na kuzima simu, na kwa hilo naiunga mkono. Haitamlazimisha mtu kulipa kwa wakati. Ningependa zaidi tuige desturi yao nyengine: saa mbili za mwanzo za kupakia au kushusha ni za bure, baada ya hapo kila saa ina bei iliyoandikwa kabla.

Karatasi hiyo si lazima iwe ya wakili. Ukurasa mmoja uliopigwa picha na kutumwa WhatsApp kwa pande tatu unatosha kuanzia: mzigo gani na idadi yake, unapopakiwa na unaposhushwa, bei ya mwenye mzigo na ujira wa dalali kila kimoja peke yake, bei ya saa ya kusubiri, kiasi cha kutanguliza na siku ya kumalizia. Kiasi cha kutanguliza kisipungue gharama ya mafuta. Kwa kazi ya miezi, bei ifungwe na bei ya dizeli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, ipande na kushuka nayo, ili watu wasikutane kugombana kila tangazo likitoka. Mifuko ihesabiwe juu ya gari mbele ya pande zote mbili na iliyopasuka iandikwe mbali. Wakati wa masika turubai litajwe ni la nani, maana saruji iliyolowa hukatwa kwa dereva bila mjadala.

Njia bora kuliko zote ni mwenye mzigo kulipa mara mbili: nauli kwa mwenye gari, ujira kwa dalali. Madalali wanaikataa kwa hofu ya kurukwa, na hofu hiyo ni ya kweli. Dereva akishapata namba ya mteja, safari ya pili dalali hapigiwi. Basi iandikwe kuwa kwa miezi mitatu kila mzigo wa mteja huyo utamlipa dalali ujira wake hata asipopiga simu. Mwenye gari asiyekubali sharti hilo hana haki ya kulalamika kuwa anafichwa bei.

Kuzuia mzigo mpaka ulipwe ni hatua ya hatari. Huenda mwenye mzigo keshamlipa dalali zamani, na wewe ndiye utakayeonekana mwizi kituo cha polisi. Kabla ya kufika huko, mpigie mpokeaji mwenyewe ukiwa bado hujafungua turubai, umuulize kalipa kiasi gani, kamlipa nani, na kwa muamala wa siku gani.